Ndoo Yangu na Kiberiti cha Baba Mkwe

Siku nilipommwagia baba mkwe ndoo ya maji miguuni nilikuwa bado bi harusi. Vitenge vya harusi nilikuwa sijavifua hata mara ya pili. Sikukusudia miguu yake. Nilikusudia moto. Lakini moto ulikuwa pale pale aliposimama, na mimi nikiogopa silengi vizuri.

Ilikuwa hivi. Nilizaliwa upande wa Shinyanga, nchi ya vumbi na migunga, nikaolewa huku Bukombe, katika kijiji kinachopakana na msitu, si mbali na Ushirombo. Asubuhi moja baridi ndiyo imeanza, mvua zimekatika lakini majani bado yana ubichi, nikawa natoka kisimani na ndoo kichwani. Nikaona moshi nyuma ya nyumba ya mzee. Kusogea, namwona mzee mwenyewe ameinama kwenye nyasi, kiberiti mkononi, anawasha. Anawasha huku anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya puani! Akimaliza fungu moja anasogea hatua chache, anawasha jingine, wala hana wasiwasi.

Nikasema basi, mzee amerukwa na akili, na mimi ndiye niliyemkuta.

Nikapiga mwano. Kwetu Usukumani mwano ni ukunga wa hatari: ukipigwa, kila mwenye miguu anatoka mbio na alichonacho mkononi, na asiyetoka ataulizwa na wazee alikuwa wapi. Niliupiga kwa mapafu yote niliyopewa na Mungu, nikakimbia na ndoo yangu mpaka kwa mzee, nikaitua, nikamwaga. Moto ukafa. Viatu vya mzee vikalowa mpaka kamba. Akaniangalia, akaangalia viatu, akaangalia kiberiti kilichokuwa kinachuruzika maji.

Majirani walitoka, tena bila haraka, wengine na vikombe vyao vya uji. Walipoona ni mzee na moto wake wa kila mwaka walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama mkwe alijifunga khanga upya mara mbili ili apate pa kuficha uso. Na mimi, akili iliponirudia kwamba nimemmwagia baba mkwe maji mbele za watu, mimi niliyefundwa nisimtazame hata machoni, nilipiga magoti hapo hapo kwenye majivu nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu. "Umeamkaje, Zimamoto?"

Jina hilo limenikaa mpaka leo. Wapo watoto kijijini wanaodhani ndilo nililobatiziwa.

Niseme jambo moja ili nisionekane mimi ndiye mwendawazimu. Kwetu hatuchezi na moto wa porini. Baba yangu alikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza: ng'ombe hawaingii, panga haliingii, nyasi zinaachwa zikue, zikauke zikiwa zimesimama, zije ziliwe kiangazi kimekaza na kwingine kote ni udongo mtupu. Ngitili ni ghala la ng'ombe. Njiti moja ya kiberiti inalimaliza ghala hilo kabla hujavaa viatu. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa fupi: moto hauwashwi. Aliyeunguza ngitili ya mwenzake aliitwa kwenye dagashida, mkutano wa wazee na kijiji kizima, na akitoka huko hamu ya sigara imemwisha. Kinga yetu ilikuwa ng'ombe wenyewe. Mvua zikiisha tuliwapitisha kuizunguka ngitili kwa nje, kila siku, wale na kukanyaga, hata ukingo wote ukang'aa kama kipara. Moto ukija unakuta kipara, unaishia hapo.

Kumbe huku ni kinyume. Baba mkwe ni mkulima na mfuga nyuki. Mizinga yake inaning'inia kwenye miti ya mininga na mitundu ukingoni mwa msitu, na adui yake ni moto wa mwezi wa tisa, ule unaokuja na upepo na kupanda hadi kwenye matawi. Kwa hiyo anauwahi. Anachoma mapema, majani yakiwa na ubichi, kipande kipande, moto unalamba chini chini na nyuki juu hawana habari. Mwezi wa tisa ukifika, moto mkubwa unakuta sahani imeshaoshwa.

Haya yote alinieleza kupitia mume wangu, maana mimi na mzee siku zile tulikuwa hatuzungumzi ana kwa ana, kwa heshima. "Mwambie mkeo," alisema, nami nipo hapo hapo nachambua mchicha, "kwao moto wanaufungia nje. Sisi tunaulisha kidogo kidogo, usije ukaja na njaa."

"Mwambie baba," nikamwambia mume wangu, "anayemlisha fisi kidogo kidogo, mwisho wa yote ana fisi nyumbani."

Mume wangu alisimama katikati yetu akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, jasho linamtoka. Jioni nikampigia simu dada yangu aliyeko Kambarage, mjini Shinyanga, nikamwambia huku nilikoolewa wazee wanachoma pori kwa makusudi tena wakiimba. Dada akaniuliza, "Hivi wewe, uliuliza vizuri kabla hujaolewa?"

Sasa nije kwa ng'ombe wangu, maana bila ng'ombe hakuna hadithi.

Nilipoondoka kwetu mama alinipa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alisema mtoto wa kike haendi ugenini mikono mitupu, akikosa wa kuongea naye ataongea na ng'ombe wake. Mama hakukaa sana baada ya hapo, Mungu alimchukua. Mtamba akazaa, na wanawe wakazaa, na karibu kila kizazi anatokea mmoja na baka lile lile. Sina picha nzuri ya mama yangu. Nina baka hilo. Nikikaa kukamua asubuhi, na ng'ombe akigeuza kichwa kunitazama, namsalimia "Mwangaluka, mama," na sioni aibu hata kidogo.

Huku mvua ni nzuri kuliko kwetu, lakini kiangazi ni kiangazi. Miaka ya mwanzo ng'ombe wangu walibaki mbavu tu. Nikamwambia mume wangu nataka ngitili. Akampelekea baba yake, na baba yake akatoa mteremko mzima unaoshuka hadi mpakani mwa msitu, kwa sharti moja: kila mwaka baridi ikianza atauzungushia ukanda wa moto. Nikakubali, na mimi kwa sharti langu: akichoma, niwepo na ndoo.

Basi tukawa tunafanya hivyo kila mwaka. Asubuhi ya baridi, umande haujakauka, mzee anatangulia na kiberiti na wimbo wake, mimi nyuma na ndoo yangu. Nilivyofundwa mimi, mkamwana hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe. Akitaka kukupa anakiweka chini, anasogea, wewe unapiga goti unaokota. Kwa hiyo alinikatia tawi bichi la kupigia moto, akaliweka chini, akageuka pembeni kama mtu anayetazama ndege. Nikaokota. Tukaendelea.

Miaka ilivyokwenda tukaacha kumsumbua mume wangu kwa utafsiri. Mzee akawa anasema na hewa iliyo mbele yake, nami najibu majani yaliyo mbele yangu, na tunaelewana kabisa. Alinifundisha kutazama umande na kusikiliza majani kwa kuyafikicha mkononi. Yakinong'ona, choma, yakilia kama karatasi, rudi nyumbani. Mimi nikamfundisha kupitisha ng'ombe wangu ukingoni kwanza wapunguze nyasi, moto wake upate kazi ndogo. Akasema, "Kumbe kipara chenu kina maana." Na kila tukimaliza aliniachia kusudi kijimoto kimoja mwishoni, kidogo kama cha kupikia chai, anasema na hewa, "Na Zimamoto naye apate kazi." Nami nakimwagia ndoo nzima. Nilimpenda yule mzee. Nampenda. Nasema wazi.

Mtu wa tatu katika mambo haya ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mchimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa. Akija likizo anakuja na kofia yake ngumu ya mgodini, haivui hata mezani. Yeye alitucheka wote wawili. Kambini kwao wanalala kwenye maturubai yaliyobanana, kuna dizeli, kuna mafiga, kuna wavuta sigara, na msitu uko mgongoni. Wao wanapalilia ardhi mpaka huoni hata jani la kufutia mikono, na kila mlango una kiroba cha mchanga. "Mmoja anafuga moto, mwingine anaukimbiza kwa ng'ombe," alisema akiutafuna muhogo wangu. "Moto hauli udongo, shemeji. Toa majani, lala usingizi."

"Haya, mtaalamu," nikamwambia. "Vua kofia basi, nyumbani hapaporomoki."

Mwaka jana mambo yaliharibika. Kwanza mvua zilikataa kukatika. Baridi ikaja na manyunyu, kila tukifikicha majani ni maji matupu, mzee akawa anasema bado, bado. Halafu, kwa umri wake ule, akapanda mti wa mtundu kwenda kuweka mzinga, tawi likakatika naye. Tulimpeleka Kahama, akarudi na hogo jeupe la plasta kutoka kifundoni hadi pajani. Nilipompelekea uji, nikiwa nje ya mlango kwa adabu zangu, sikuweza kujizuia. Nikasema, "Baba, methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu mwenyewe akivunjika, tuseme alikosa kumsikia nani?" Nikasikia kicheko, kisha "Aah! Aah! Usinichekeshe, mguu!"

Lakini tuliporudi naye kutoka Kahama upepo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Majani yalikauka ghafla yote kwa pamoja. Mume wangu alitaka achome yeye. Mzee akaomba aletewe majani kitandani, akayafikicha, yakalia kama karatasi. "Hapana," akasema. "Sasa ukiwasha huchomi, unauachia moto."

Basi ikasimama ngitili yangu, nyasi za kiunoni, nzuri ajabu, rangi ya simba, haina ukanda wowote, bega kwa bega na msitu mkavu. Nilijaribu ng'ombe wangu ukingoni, lakini ni wachache. Walikula, wakashiba, wakalala, kipara hakikutokea. Ningepoteza nyasi zile ningepoteza ng'ombe, hakuna mahali pengine pa kuwapeleka mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Na mmoja wao alikuwa na baka, tena ana mimba. Nilikuwa nasali rozari huku natazama msituni kama mlinzi.

Ndipo shemeji akaja kumjulia hali baba yake, na wachimbaji wenzake wakaja naye kwenye pikipiki. Vijana wenye nguvu, wenye adabu, shikamoo mama kila kona. Shemeji akaitazama ngitili, akanitazama mimi, akagonga kofia yake. "Kesho jioni utakuwa umezungukwa na udongo."

Sina cha kuwasema kuhusu asubuhi ile. Walichimba kama wana ugomvi na ardhi! Majani yaling'olewa na mizizi yake, ukanda ukafunguka mpana kama barabara ya halmashauri, wanaimba, wanataniana. Mimi nilichinja jogoo. Kufikia mchana walikuwa wamemaliza juu na upande mmoja, sasa wanageukia chini, upande wa msitu, ambako ndiko hasa moto hutokea. Nikiwa nasonga ugali nikasikia kimya. Mama yeyote anajua: watoto wakinyamaza ghafla, kuna jambo.

Shemeji akaja mbio. "Shemeji, una karai?"

Nikampa, nikidhani ni la kubebea udongo. Na ndoo yangu ya maji akaibeba. Nilipofika na ugali niliwakuta wamechuchumaa duara, wanapokezana jiwe jeupe lenye madoa ya kutu, na kila anayelipokea analilamba. Watu wazima! Wanalamba ili lilowe, waone kama linang'aa. Wengine wanaponda vipande kwa nyundo, na shemeji anachezesha unga wake ndani ya karai langu la kuoshea vyombo, kwa maji yangu ya dharura ya kuzimia moto.

Nikatazama ukanda. Ulikuwa umeshuka vizuri hadi kona ya chini, na pale walipokutana na jiwe, badala ya kuendelea kufuata msitu, ukapinda ukapanda nalo mlimani. Kinga yangu ya moto ilikuwa imegeuka mtaro wa kutafuta dhahabu. Upande wote wa chini, wazi.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Msitu uko kule!"

"Mwamba uko huku, shemeji," akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgonjwa.

Hebu fikiria. Ni nani mwingine duniani anayeitwa kuzuia moto akaishia kulamba mawe? Niliondoka na ugali wangu. Jogoo pia niliondoka naye.

Habari ya dhahabu haihitaji vocha. Kesho yake asubuhi wakaanza kuingia watu nisiowajua, na sepetu, na moko, zile patasi za kupasulia mwamba, na nyundo. Akaja mama mmoja na chuma chake cha chapati. Kufika mchana maturubai yameshasimama kando ya ngitili yangu, kijana mmoja anapima kwa hatua mahali pa kuchimba duara lake, yaani shimo la dhahabu, katikati ya nyasi za ng'ombe wangu, na watu wanasema kwa furaha kwamba hapa ni rashi, pa kukimbilia dhahabu, hapa kumetema. Nilisimama pale na panga. Nikawaambia atakayeingiza sepetu ndani ya ngitili atatoka bila sepetu na bila mkono wa kulishikia. Nilikuwa na hasira, na woga pia, maana nilimwona yule mama wa chapati anatafuta kuni, nikawaza, moto ule wa kwanza tu wa jikoni utatosha.

Mzee aliyekuwa kitandani akanitumia ujumbe kupitia mume wangu, kama zamani. "Mwambie asipigane nao. Awape maji ya kunywa. Mtu uliyempa maji unaweza kumtuma."

Nikakataa. Baadaye nikawapa, lakini kwa sura iliyonuna.

Moto haukutoka kwa mama wa chapati. Ulitoka ndani ya msitu alasiri ile ile, na mpaka leo hatujui nani aliuacha, mrina asali au mchoma mkaa. Kwanza moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ule mlio. Upepo ulikuwa unakuja kwetu.

Nikaweka panga chini, nikapiga mwano.

Mara hii hakuna aliyecheka. Nusu ya wale vijana walikuwa Wasukuma, watoto wa Kahama na Shinyanga na kwingine kwetu, na mwano uliwaingia miguuni kabla haujaingia masikioni. Waliacha mawe, wakaacha makarai, wakaja mbio na masepetu yao juu, na wale wasio Wasukuma wakakimbia kwa sababu wenzao wamekimbia. Sijawahi kufurahi hivyo kuona watu niliowachukia. Shemeji alikuwa wa mbele, kofia imeshikwa kwa mkono mmoja.

Lakini upande wa wazi ulikuwa mrefu, na moto haukungoja mtu achimbe. Tukiwa tunahangaika hivyo nikasikia pikipiki. Mume wangu anaendesha, na nyuma yake amekaa baba mkwe, hogo limenyooshwa pembeni limetangulia kama pembe ya ng'ombe. Wakamshusha, wakamkalisha juu ya kiroba cha mchanga. Akatazama moto, akatazama majani yanavyolala, akanyoosha fimbo kuonyesha njia ya ng'ombe inayokata ngitili kwa chini.

"Chini ya njia tunaupa," akasema. "Juu ya njia hatuupi."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Tuwashe sisi wenyewe kutoka kwenye njia ile, moto wetu uende kukutana na wake, ukifika usikute kitu. Dawa ya moto ni moto; msemo huo niliusikia maisha yangu yote, lakini kwetu ulikuwa wa kuwatisha wagomvi tu. Shemeji akawapanga wachimbaji nyuma ya njia na masepetu ya kufukia cheche, mume wangu akakimbilia mwisho wa mstari na matawi. Wa kuwasha nani? Mzee hawezi kuinama. Waliobaki wote hawajui.

Akatoa kiberiti mfukoni. Akanyoosha mkono kwangu.

Hakukiweka chini. Hapakuwa na muda wa kuweka kitu chini. Nikasimama nakitazama kile kiberiti kwenye kiganja chake, mimi na adabu zangu zote na ndoo yangu mkononi, na zile nyasi ni chakula cha ng'ombe wa mama yangu. "Nipe ndoo," akasema, akinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. "Shika hii. Haraka, mama."

Nikapokea. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Nikampa ndoo, akaipakata.

Niliwasha nikilia, na si kwa moshi. Nainama, nawasha, nasogea, nainama, nawasha, na nyuma yangu nasikia sauti ya puani imeanza wimbo wa kwaya. Moto wangu kwanza uligoma, ukawa unatambaa kinyume cha upepo taratibu kama mtu anayetumwa asikotaka. Kisha ule mkubwa ulipokaribia ukauvuta, ukauita, na wangu ukainuka ukaenda. Mioto ikakutana hapo chini na mlio nisiotaka kuusikia tena. Halafu ikakosa cha kula, yote miwili, ikazima.

Cheche ziliruka juu ya vichwa vyetu, na wachimbaji walizifukia moja moja, wanapiga kelele "Huku! Huku!" kama wako kwenye mpira. Turubai moja liliungua, na mizinga michache ya mzee. Ngitili ilipoteza sehemu yake ya chini. Iliyobaki juu ya njia ilibaki, na ng'ombe wangu waliila mpaka mvua ya kwanza, wembamba lakini wima. Yule mwenye baka alizaa jike, na baka analo.

Dhahabu? Karai langu lilitoa mchanga mweusi na aibu. Wale watu wakakunja maturubai wakaondoka mmoja mmoja, isipokuwa mama wa chapati, ambaye aliona kijiji kinakula vizuri akabaki. Sasa ni rafiki yangu. Shemeji alirudi na wenzake wakamalizia upande wa chini, mara hii nimesimama nao na fimbo, na kila aliyeokota jiwe nilimwambia aliteme.

Mwaka huu baridi ilipoanza nilipitisha ng'ombe ukingoni, shemeji akatuma vijana wakasafisha udongo, na asubuhi moja yenye umande nikashika ndoo yangu nikaenda kumngojea mzee. Akaja na mkongojo, anachechemea. Nikapiga goti, shikamoo baba, marahaba. Akakiweka kiberiti chini kwa adabu, akageuka kutazama ndege.

Kisha akageuka tena. Akaegemea mkongojo, akainama kwa shida, nikataka kumsaidia akakataa kwa mkono, akakiokota mwenyewe. Akanyoosha kiganja.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Ndoo nipe mimi."

Nikapokea. Njiti ya kwanza ikazima, ya pili ikazima, akacheka sana, akasema Zimamoto hajui hata kuwasha. Ya tatu ikashika. Tukauzunguka mteremko wote, mimi mbele, yeye nyuma na ndoo, tunaimba wote wawili ingawa mimi sauti sina. Tulipomaliza nikatafuta kile kijimoto cha mwisho alichokuwa ananiachia, nikamwachia yeye. Akakisogelea, akainua ndoo, akalenga vizuri kabisa, akanimwagia miguuni.

"Ya mwaka ule," akasema. Halafu akanishukuru kwa Kisukuma alichojifunza kwangu, "Wabeja, mwanangu," akanirudishia ndoo mkononi.